Mwenye Jua juu ya Paa Lake

Liko neno moja ambalo nchi yetu imelipenda tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, nalo ni kujitegemea. Tumeliimba shuleni, tumelisoma kutani, na hatuna nia ya kulibeza leo. Lakini neno jema likikaa mno vinywani mwa watu bila kupimwa huanza kubeba maana ambayo halikupewa. Mtu husema, "Najitegemea," na moyoni mwake ataka kusema, "Sina deni kwa mtu." Maneno hayo mawili si mamoja. Twataka kuyatenganisha, na ili tuyatenganishe vema tumechagua mfano wa mbali, wa nchi za baridi, kwa sababu huko jambo lenyewe laweza kuhesabiwa kwa tarakimu.

Katika Ujerumani, Austria, Uswisi na nchi za jirani, nyumba haikaliki miezi ya baridi pasipo moto. Zamani moto huo ulikuwa wa kuni, kisha wa makaa ya mawe, kisha wa mafuta na gesi. Siku hizi kaya nyingi zaondoa tanuri la gesi na kuweka mahali pake mashine iitwayo pampu ya joto, na juu ya paa zatandaza paneli za jua ili mashine hiyo ipate umeme. Vijana wetu wanaosoma huko wameziona, na mapadre na masista wa kwetu wanaohudumu katika parokia za huko hukaa katika nyumba zenye kupashwa joto namna hiyo.

Pampu ya joto si muujiza. Kila mama mwenye friji jikoni anayo ndugu yake. Apeleke mkono nyuma ya friji, atakuta pana uvuguvugu. Joto lile limetoka wapi? Limetoka katika sufuria ya maharage iliyowekwa ndani, likasukumwa nje. Friji haiumbi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Wahandisi waliigeuza kazi hiyo: wakafanya hewa ya nje, au udongo, au maji ya kisima yawe kama ile sufuria ya maharage, na nyumba iwe mahali pa kupokea joto lililotolewa humo. Hata hewa ambayo mtu huiona kali kama wembe ina joto ndani yake. Kiowevu chenye kuchemka katika baridi hulinyonya joto hilo na kuwa mvuke. Mvuke hukandamizwa kwa nguvu ya umeme hata ukawa moto. Kisha hulikabidhi joto lake kwa maji yapitayo katika mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu. Wazo hili si geni. Peter von Rittinger, mhandisi wa Austria, alijenga mashine ya jinsi hiyo katika kiwanda cha chumvi cha Ebensee katika miaka ya 1850, na jumba la halmashauri ya mji wa Zürich lilianza mwaka 1938 kupata joto lililovutwa katika maji ya mto Limmat.

Faida yake ni kwamba umeme hauwi kuni, bali huwa mchukuzi. Uniti moja ya umeme huleta nyumbani uniti tatu za joto, pengine nne. Nao umeme huo ukitoka juu ya paa la mtu mwenyewe, hapana shaka furaha ya mwenye nyumba ni kubwa. Huwaambia wageni wake: jua ni langu, mashine ni yangu, sasa simtegemei mtu. Twamwelewa. Ametoa fedha nyingi, huenda amekopa benki, na amefanya jambo jema kwa hewa ambayo sote twaivuta. Lakini je, ni kweli kwamba hamtegemei mtu?

Tuhesabu. Tuchukue kwa mfano nyumba ya familia moja kusini mwa Ujerumani, yenye paneli za kilowati 10. Kwa jua la huko zitatoa kama uniti 10,000 kwa mwaka. Tuseme taa, jiko, friji na mashine ya kufulia vyatumia uniti 4,000, na pampu ya joto yatumia 5,000. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hili mwisho wa mwaka laonyesha ziada ya uniti 1,000. Mwenye nyumba afunga daftari kwa shukrani.

Asifunge upesi hivyo. Afungue mwezi kwa mwezi. Mwezi wa Juni siku ya huko ina mwanga wa saa 16. Paneli zitatoa kama uniti 1,300, na nyumba haitahitaji hata 500, kwa kuwa pampu haina kazi ila kupasha maji ya kuoga. Mwezi wa Desemba mwanga ni wa saa nane na kidogo, jua lapita chini chini juu ya miti, mawingu yatanda, na pengine theluji imefunika paa. Paneli zitatoa kama uniti 250. Na mwezi huo huo nyumba yataka 1,200, kwa maana pampu yafanya kazi mchana na usiku. Tena baridi ikizidi, mchukuzi wetu huchoka, na kwa uniti moja haleti tena joto lile alilolileta siku za uvuguvugu. Ukijumlisha Novemba, Desemba, Januari na Februari, nyumba ile yenye ziada ya mwaka ina upungufu wa uniti 3,000 hivi.

Atasema, "Ninayo betri." Betri ya nyumbani ya ukubwa wa kawaida huweka kama uniti 10. Humvusha mtu usiku mmoja, nalo ni jambo la kushukuriwa. Ili imvushe majira yote ya baridi angehitaji betri 300, na nyumba ingekuwa ghala la betri lenye kitanda kimoja pembeni. Yosefu aliweza kuweka akiba ya miaka saba katika Misri kwa sababu ngano hukaa ghalani. Umeme haukai hivyo.

Basi zile uniti 3,000 zatoka wapi? Zatoka kwa wengine. Zatoka katika mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini kaskazini, katika mabwawa ya milimani, katika vituo vya gesi na makaa ya mawe ambavyo havijafungwa, na mara nyingine zavuka mipaka kutoka nchi jirani. Usiku wa Noeli, familia ile ikirudi kutoka Misa na kuikuta nyumba ina joto, yuko mtu zamu kituoni ambaye hakwenda Misa hiyo ili pampu yao isisimame. Mtu huyo hawamjui kwa jina, naye hawajui. Huyo ndiye jirani.

Na wakati wa kiangazi je? Hapo familia ndiyo yenye kutoa, wala hatukatai kwamba kutoa ni kutoa. Lakini adhuhuri ya Juni kila paa lenye paneli latoa kwa wakati mmoja, kama soko ambalo wakulima wote wameleta maembe siku moja. Bei ya umeme hushuka, wakati mwingine chini ya sifuri, maana yake mwenye umeme amlipa mtu ili auchukue. Mwaka 2024 saa za namna hiyo katika Ujerumani zilizidi 400, hata sheria ya Februari 2025 ikaamua kwamba kwa jumla wenye paneli mpya wasilipwe kitu kwa umeme wanaoupeleka saa hizo. Kwa hiyo si haki kusema, "Nimewapa uniti Juni, wamenirudishia uniti Januari, tumelipana." Mtu akikupa debe la maembe wakati yanaoza njiani, nawe ukampa debe la unga wakati wa njaa, madebe ni sawa, lakini deni halikwisha.

Hapa ndipo twaona tofauti ya yale maneno mawili. Kufanya kwa mikono yako lile uwezalo kulifanya, usimwachie mwingine mzigo wako, ni wema, na Kanisa limelifundisha jambo hilo kwa nguvu. Papa Pio XI, katika waraka wake wa mwaka 1931, alieleza kwamba ni kosa chama kikubwa kunyang'anya kazi ambayo kidogo chaweza kuitimiza chenyewe. Familia inayovuna umeme juu ya paa lake haikosi kitu mbele ya mafundisho hayo. Tena yafaa serikali isiizuie kwa urasimu. Papa Fransisko naye, katika waraka wake wa mwaka 2015, alivitaja kwa sifa vyama vya ushirika vya mahali pamoja ambavyo huzalisha umeme wao na hata kuuza ziada. Paa la ukumbi wa Paulo VI huko Vatikani lina paneli tangu mwaka 2008. Hakuna basi wa kusema kwamba twalionea jua shaka.

Lakini kusema "sina deni" ni kitu kingine. Papa Leo XIII, aliyeitetea mali ya mtu binafsi kwa ukali mwaka 1891, alimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika kuongeza kwamba haki ya kumiliki ni moja, na namna ya kutumia ni nyingine. Katika kutumia, mtu aiangalie mali yake kama yenye kuwahusu wote, awe tayari kushirikiana na mwenye shida. Ikiwa hayo yasemwa juu ya shamba lililolimwa kwa jasho, yatasemwaje juu ya nuru ya jua, ambayo Bwana Wetu mlimani aliitoa kuwa mfano wa ukarimu wa Baba kwa wema na waovu pamoja? Paneli ni za mtu. Jua si la mtu.

Yuko atakayetukumbusha wale wanawali wenye busara, waliokataa kuwagawia wenzao mafuta ya taa, wala Bwana hakuwakemea. Hoja hiyo tumewahi kuisikia, nayo si mbaya, ila huishia nusu ya njia. Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipoueleza mfano huo, alisema mafuta yale ni huruma na sadaka kwa maskini. Ikiwa ndivyo, wanawali wapumbavu waliingia gizani kwa sababu walikuwa hawakugawa. Anayetaka kujifunika kwa mfano huu auangalie vizuri kwanza.

Katika Ujerumani kama nusu ya watu ni wapangaji. Hawana paa. Mjane akaaye ghorofa ya nne hawezi kutandaza paneli angani, wala hawezi kuling'oa tanuri la mwenye nyumba na kuweka pampu. Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Sheria ya mwaka 2000 iliwaahidi wenye paneli bei maalumu kwa muda wa miaka 20 kwa kila uniti waliyoiingiza katika nyaya za wote. Kwa paneli za miaka ile ya mwanzo bei hiyo ilipita senti 50 za yuro. Fedha hizo zilitoka katika tozo iliyoongezwa kwenye ankara za watumiaji wa umeme. Mwaka 2017 tozo ilifika senti 6.88 kwa uniti. Mjane wetu, akitumia uniti 2,000 kwa mwaka, alilipa mwaka huo kama yuro 137 kwa ajili hiyo, na viwanda vikubwa vyenye kutumia umeme mwingi vikapewa nafuu. Tozo iliondolewa Julai 2022, mzigo ukahamia hazina ya serikali.

Je, mjane aliibiwa? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na waandishi wengi wa huko wamelijibu kwa hasira, ama upande huu ama ule. Sisi twaona kwamba hakuibiwa, lakini alidhulumiwa kidogo. Hakuibiwa, kwa sababu sheria ilitungwa hadharani kwa lengo la kweli: paneli zilikuwa ghali mno, na njia ya kuzishusha bei ilikuwa kununua nyingi hata viwanda vijifunze. Alidhulumiwa, kwa sababu waliotunga sheria walijua nani ana paa na nani hana, na mzigo wakaupima kwa uniti badala ya kuupima kwa uwezo wa kubeba. Watu wawili walitia fedha katika kapu moja. Mmoja akarudishiwa na faida, mwingine hata asante hakuambiwa. Yasemwa kwa haki kwamba mambo yameanza kurekebishwa: tangu mwaka 2017 mwenye nyumba ya kupangisha husaidiwa akiwauzia wapangaji umeme wa paa lake, na tangu Oktoba 2024 mpangaji akitaka kutundika paneli ndogo katika roshani yake, mwenye nyumba hawezi kumkatalia bila sababu ya maana. Ni kidogo, lakini ni njia iliyo sawa.

Liko na jambo la nyaya. Nguzo, nyaya na mitambo ya kugawa umeme hugharimu karibu kiasi kile kile, mtu anunue uniti nyingi au chache. Lakini gharama hiyo huko hulipwa zaidi kwa kuhesabu uniti zilizonunuliwa. Basi mwenye paneli, ambaye kiangazi hanunui kitu, huchangia nguzo kidogo kuliko mjane, na usiku wa Januari pampu yake huziegemea nguzo hizo hizo kwa uzito mkubwa kuliko balbu mbili za mjane. Kwa maoni yetu haki yataka mwenye pampu alipe kwa kadiri ya nguvu anayoihitaji katika usiku ule mbaya kuliko yote. Hatalipenda neno hili. Wala hatusemi atozwe hata ajute kununua, maana hapo wengine wataogopa na kurudia gesi. Na lipo awezalo kulifanya pasipo sheria yoyote: kwanza azibe nyufa za madirisha na kuta kabla ya kununua mashine kubwa, aipe pampu kazi adhuhuri, ajaze tangi maji ya moto, ili jioni watu wote wanapowasha majiko yeye asiongeze msongamano, na kama ana nyumba ya kupangisha, awawekee wapangaji kile alichojiwekea mwenyewe.

Msomaji wa Sumbawanga au Tabora aweza kusema kwamba mjane wa Ujerumani hamhusu. Amhusu sana. Tangu mwaka 2008 bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Viwanda vya China ndivyo vilivyozitengeneza kwa wingi, lakini viwanda havijengwi pasipo wanunuzi, na katika miaka ile ya mwanzo wanunuzi wakubwa walikuwa Wajerumani, kwa fedha za ile tozo. Paneli iliyofungwa juu ya bati la nyumba ya kijijini kwetu, inayowasha taa tatu na redio, ilipunguziwa bei na ankara za mtu asiye na paa, aliyelipa senti sita kwa kila uniti wala hajui kwamba sisi tupo. Kwa hiyo sisi nasi tuliojifungia sola, tukasema tumejitegemea, tu wadeni.

Kwetu hakuna theluji, na mwaka mzima jua halitofautiani sana. Majira yetu mabaya ni masika, na adui yetu wa kila siku ni usiku. Wenye nafasi mijini wameanza kuweka paneli na betri ili wasisumbuliwe na kukatika kwa umeme, nao wafanya vizuri. Wengine wataka kukata kabisa waya wa TANESCO. Wakate wakitaka, ila yule anayeubakiza waya kwa ajili ya siku za mawingu na kwa ajili ya kiyoyozi chake, asilalamike akitakiwa kuchangia nguzo hata katika mwezi ambao hakununua uniti.

Vijijini swali huja kwa sura nyingine, nalo huulizwa hata barazani baada ya Misa: je, ni halali mwenye sola kuwatoza majirani wanaokuja kuchaji simu? Twajibu kwamba ni halali. Betri huchakaa, naye atainunua nyingine kwa fedha taslimu, na jirani aliyenunua simu aweza kulipa shilingi chache. Bei iwe ile ile kwa wote, isipandishwe kwa sababu kijiji cha pili kiko mbali na mgonjwa ahitaji kumpigia ndugu yake simu usiku huo. Mtoto wa jirani akija na daftari lake saa mbili usiku kusomea chini ya taa ambayo ingewaka vivyo hivyo, hapo hakuna kinachochakaa, wala hakuna cha kumtoza. Asogezewe kigoda.